Kipande cha Mti

Siku ya kwanza nilifungua mbele, natafuta injini.
Nikakuta gurudumu la akiba, jeki iliyoshika kutu
na risiti ya petroli ya shilingi kumi na nane.
Watoto wa mtaa walicheka hadi wakakaa chini:
"Injini ya Fiati iko nyuma, ami!"
Na mimi ndiye mwana wa mwenye gari.

Miaka kumi na mmoja limelala ubavuni mwa nyumba, hapa Sparki,
tangu tulipomzika baba.
Turubai liliondoka kwanza. Wakaja paka,
wakazalia kiti cha nyuma.
Kisha chumvi, ambayo haina haraka.
Chumvi ya Mombasa huanza na milango, kutoka chini,
kama panya: inang'ata, inapuliza.
Ukibonyeza bati linavunjika
kama kachiri.

Fundi Mwandoro alilizunguka mara mbili, kimya.
Akalala chini, akagonga kwa spana, akasikiliza.
"Injini haikufa," akasema. "Imenuna."
Akataka spana namba kumi, namba kumi na tatu, na chai.

Kabureta tuliiloweka petroli
kwenye sufuria iliyong'oka mkono.
Platini tukazisugua kwa msasa laini,
mwanya wake tukaupima kwa kipande cha kadi ya harusi.
Gasketi haikupatikana. Nilizunguka Mwembe Tayari, nikaenda Shimanzi;
Taherali muuza spea alinitazama
kama niliyeulizia jino la babu yake.
Mwandoro akaichora mwenyewe,
akaikata kwa mkasi wa mkewe, ule wa kushonea,
jambo lililozua kesi nyingine huko kwake.

Kila tulichokaza, kingine kililegea.
Pampu ya maji ikashika, rejeta ikalia.
Rejeta ikazibwa, breki zikazama hadi sakafuni.
Gari kuukuu ni mgonjwa aliyezoea wageni,
hataki kupona upesi.

Ijumaa moja, kichwa chini miguu nje,
nasugua pedeli,
nikakuta juu ya klachi kipande cha mti.
Mvule. Kimekatwa kwa makini, kimefungwa kwa nati mbili,
unene wa vidole vitatu,
kimelika katikati kwa unyayo mdogo.

Baba alikuwa mrefu. Nakumbuka magoti yake
yakigusana na usukani.
Mwandoro akakitazama, akanitazama, akashika spana.
"Nikitoe?"
Nikamwambia ngoja.

Mamangu sikumwona hata siku moja akiendesha.
Tulikaa naye nyuma, buibui limetulia,
mkoba magotini.

Jumapili injini ikakohoa, ikatapika moshi, ikazima.
Ikakohoa tena, ikazima.
Dirisha la juu likafunguka.
"Choki mumeivuta yote! Vuteni nusu,
hiyo yalewa petroli!"
Mwandoro akavuta nusu.
Ikashika.

Alishuka na kandambili zake, akanipita,
hakuangalia rangi wala bati jipya.
Akafungua mlango, ule unaofunguka kinyume,
akainama, akakipapasa kile kipande
kama ahesabuye pesa gizani.

"Babako usiku alikuwa haoni.
Tukitoka harusini Changamwe twabadilishana viti, kwenye kiza.
Tukifika Makupa, penye taa, arudi yeye."
Akapuliza vumbi kwenye usukani.
"Nawe huko nyuma, umelala fofofo."

Sikuwa na la kusema. Injini ilikuwa ikizungumza, kwa kigugumizi,
silensa bado ina tundu,
kioo cha nyuma bado hakijapatikana Mombasa nzima.

Mwandoro, mtu wa kazi, akauliza
kama ule mti aupige vanishi, upendeze.
"La," akasema mamangu, mguu mmoja keshauingiza.
"Utateleza."